Pikapu ya Shemeji

Pikapu ya Shemeji ilirudi uani kwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili, na safari hii mwenyewe hakuzima injini wala hakusalimia. Aliteremka, akaacha mlango wazi, akasimama mbele ya boneti mikono kiunoni.

"Shemeji, inagonga," alisema.

Fundi Sikio alikuwa ananawa mikono kwa petroli kwenye beseni. Aliinua kichwa, akamtazama mwenzake mdomoni, akatabasamu. "Inaringa tu hiyo. Imezoea kubembelezwa."

"Inagonga mlimani. Nikiweka gia ya pili na watu wako nyuma, inagonga, halafu inachemsha. Jana maji yote yaliishia njiani."

Mtaa mzima ulimwita Shemeji, hata watu ambao hakuwa na udugu nao wa karibu wala wa mbali. Alikuwa mdogo wake mke wa fundi, wa kuzaliwa tumbo moja, na pikapu ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Kila siku saa nane mchana alipandisha zamu ya pili ya wavunja kokoto kwenda machimboni, juu kabisa ya mlima, watu kumi na wawili wakiwa wamekaa nyuma kwenye mbao, na jioni alirudi na mzigo wa mawe. Lilikuwa gari la zamani, la kabureta na distributa, la enzi ambapo gari likiumwa lilisema lenyewe linaumwa wapi, mradi awepo mtu wa kulisikiliza.

Wa kulisikiliza alikuwa Fundi Sikio. Jina hilo alipewa ujanani, akalibeba miaka thelathini bila aibu, na kusema kweli lilimpendeza. Kila fundi anajua kwamba moto wa plagi una dakika yake, na kuipata dakika hiyo ndiko kutega moto. Ukichelewa, gari linakuwa zito na ekzosi inapasua baruti. Ukiwahi, unaikuta pistoni bado inapanda, unaipiga kichwani, na injini inalia. Mafundi wengine hutafuta alama iliyochongwa kwenye puli na kuimulika kwa taa maalumu. Sikio hakuhitaji alama. Alilegeza nati ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, akapiga resi, akaizungusha distributa taratibu kuwahisha moto mpaka asikie mlio wa kwanza wa kugonga, ule mwembamba kama njugu zinazotikiswa kwenye kopo. Hapo alirudisha nyuma upana wa unywele mmoja, akakaza nati, akafuta mikono. Zamani watu walikuwa wakija kumtazama tu.

Ndivyo alivyofanya na asubuhi ile. Mwenye teksi mmoja, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alisogea karibu kuangalia. Barazani mke wa fundi alikuwa kwenye cherehani yake, akishona mikono ya ovaroli za wafanyakazi wa machimboni, na injini iliponguruma aliacha kukanyaga pedali. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameijua ile kazi kwa masikio, jinsi mtu anavyoijua njia ya kwenda kwao.

Njugu zikaanza kulia. Alizisikia waziwazi kutoka pale barazani, hatua kumi na tano. Akasubiri mumewe arudishe unywele wake. Mumewe hakurudisha. Aliendelea kuzungusha, uso umetulia, jicho moja amelifumba kama kawaida yake, na njugu zikawa kokoto, na kokoto zikawa nyundo. Hapo ndipo nyusi za fundi ziliposhtuka. Akarudisha unywele mmoja, akakaza nati.

"Umesikia?" akamwambia Shemeji kwa majigambo. "Kimya."

Haikuwa kimya hata kidogo. Shemeji alimwangalia dada yake barazani, akaiangalia injini. "Mimi bado nasikia kitu."

"Unasikia woga wako. Au unataka umpelekee yule wa ng'ambo ya barabara, akumulikie kwa taa yake ya disko?"

"Siwezi, shemeji. Nikipeleka kule, hapa nitakuja na uso gani?" Akacheka, kwa sababu mume wa dada yako akitania ni lazima ucheke. Akafunga boneti, akapanda. Mke wa fundi alifungua mdomo. Mwenye teksi alikuwa amesimama pale pale, na mwanamke huyu katika maisha yake yote hakuwahi kumsahihisha mumewe kazini mbele ya mteja. Akaufunga. Pikapu ikatoka nje ya geti ikitikisa njugu zake, saa tano na nusu, na yeye akabaki ameshika kitambaa.

*

Mwenye teksi alihudumiwa, akashukuru kwa heshima zote, akaondoka. Fundi akabaki peke yake, ameinama juu ya benchi la kazi akikwangua pointi za distributa moja kuukuu kwa msasa. Mkewe alishuka barazani, akatembea mpaka akawa nyuma yake hatua mbili.

"Mume wangu," alisema kwa sauti yake ya kila siku, "chai tayari."

Fundi aliendelea kukwangua.

"Mume wangu, umeniudhi leo."

Msasa ulikwenda na kurudi.

"Nyumba inaungua," alisema.

Fundi akaanza kupiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa umepinda, haukufuata wimbo wowote, na mkewe akatambua kwamba umekuwa hivyo kwa muda mrefu, na kwamba yeye alidhani ni uzee tu. Redio aliyokuwa akilala nayo aliwapa watoto, akisema habari zimemchosha. Simu alikuwa akimpa yeye apokee, eti mikono ina grisi. Ukimwuliza swali alijibu "eeh", na kwa kuwa ndoa ya miaka mingi haihitaji majibu marefu, hakuna aliyelalamika.

Alimgusa bega. Fundi aliruka, bisibisi ikamtoka mkononi.

"Unamnyemelea mtu hivyo unataka nini?"

"Nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa nawaza."

Mkewe aliinua kiganja, akajifunika mdomo, akasema nyuma ya kiganja kile: "Niambie sasa hivi nimesema nini."

Fundi akakitazama kiganja. Alikitazama kwa subira, akingoja kishuke, na kilipokataa kushuka macho yake yalianza kuhangaika huku na huku, yakitafuta pa kushika. "Eeh," alisema hatimaye.

"Eeh nini?"

Fundi alivuta tairi kuukuu, akakaa juu yake, na kwa mara ya kwanza mkewe aliona jinsi alivyochoka kutazama watu midomoni.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza, mkono sasa umeshuka.

"Sauti nene nazisikia. Lori likipita nalisikia. Wewe ukinikabili nakusikia. Nyembamba ndizo zimeondoka." Akagusa sikio la kulia, kisha la kushoto. "Humu kuna mbu. Mwaka na nusu sasa. Hatui, haondoki."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Jina langu ni nani mtaani?"

"Injini ya ndugu yangu inagonga. Niliisikia kutoka barazani."

"Injini naisikia!" Alisema kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika.

"Unaisikia ikishaumia. Nimekuangalia leo. Njugu zimelia, wewe unaendelea tu kuzungusha."

Fundi alinyanyua vidole vyake viwili na kidole gumba, akavizungusha hewani kama vimeshika distributa, taratibu, akakumbuka. Alizungusha, akasimama, akazungusha tena. Uso wake ulibadilika rangi. Huyu alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini hakuwa mjinga, na hesabu ya kazi yake aliijua.

"Huwa naisubiri," alisema polepole. "Haiji. Haiji, haiji, halafu inakuja ghafla, nzito. Nikadhani ni mafuta ya siku hizi."

"Umewahisha kiasi gani?"

"Sijui."

Neno hilo, kuhusu injini, mkewe hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Lilimtisha kuliko yote yaliyotangulia.

"Na mlima ule je?"

Fundi akaokota bisibisi iliyoanguka.

"Nakuuliza. Mlima ule, na watu nyuma."

"Inaweza kutoboa pistoni."

"Ikitoboa?"

"Inakufa."

"Ikifa mlimani?"

"Breki ya mkono ya gari lile haishiki," alisema fundi, akitazama chini. "Nilimwambia alete nifunge waya mpya. Kila siku anasema kesho."

Mkewe akageuka kwenda ndani kuchukua simu. Fundi aliinuka kutoka kwenye tairi upesi kama kijana, akamshika mkono.

"Usimpigie."

"Niache."

"Nisikilize kwanza. Atarudi jioni. Nitamwambia nataka kuangalia plagi. Nitaisugua ile puli, nitaitafuta alama, nitairudisha kwa macho. Kimya kimya, hakuna atakayejua. Lakini ukimpigia sasa, ukamwambia asipande kwa sababu mimi sisikii, atawaambia wale watu kwa nini hawaendi kazini. Kufika jioni machimbo yote yanajua, kesho mtaa. Fundi kiziwi. Nani ataniletea hata baiskeli?" Sauti yake ilipasuka. "Amepanda mlima huo wiki mbili na gari likiwa hivyo hivyo. Hajafa."

Neno la mwisho lilikuwa baya, na lilipomtoka alilisikia mwenyewe. Akauachia mkono wa mkewe.

Na mkewe akakubali. Tusimpambe, alikubali. Alijua kwamba nje ya uwanja ule mumewe hakuwa na kitu kingine cha kuitwa nacho. Alirudi kwenye cherehani, akakaa, akaanza kushona. Ilikuwa saa sita na robo.

*

Alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Akaufumua. Akaushona tena vile vile. Kila mara mguu wake ulipokanyaga pedali na cherehani kutetema, alisikia njugu, na alipoacha kukanyaga aliendelea kuzisikia. Uani fundi alikuwa amesimama mbele ya benchi bila kufanya lolote. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba. Saa hiyo mdogo wake alikuwa kituoni chini ya mlima akitia maji kwenye rejeta na kuwataka watu wasogeleane.

Saa saba na nusu alisimama bila kumwuliza mtu, akachukua simu, akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mdogo wake alikuwa na tabia ya kuiweka simu chini ya kiti ili isiibwe, na injini ikinguruma hata radi asingeisikia. Alipiga mara nne. Mara ya tano simu ilimwambia kwamba anayempigia hapatikani.

Hapo aliacha kufikiri. Alitoka nje ya geti na sindano tatu zikiwa bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni, akavuka barabara kwenda kwa Fundi Kipimo, yule wa taa.

Gereji ya Kipimo ilikuwa na sakafu ya saruji, na mwenyewe alivaa koti safi. Fundi Sikio alimcheka kwa hilo kila siku ya Mungu, akisema fundi asiyechafuka ni karani. Kwenye benchi la wateja walikaa wanaume watatu. Kipimo alikuwa ameinama kwenye boneti la gari akiwa na ile taa mkononi, ikiwaka na kuzima juu ya puli.

"Karibu, mama," alisema, akazima. "Kuna nini?"

"Naomba tuongee pembeni."

"Sema tu, mama. Hawa ni watu wa nyumbani."

Aliwatazama wale watu wa nyumbani. "Mume wangu hasikii," alisema. "Anatega moto wa magari kwa sikio, na hasikii."

Alitegemea kicheko, au angalau mshangao. Havikuja. Mmoja wa wale wanaume alianza kuangalia kiatu chake. Mwingine alikohoa kidogo. Wa tatu alijaribu kujificha nyuma ya gazeti, na alipomtazama vizuri alikuwa ni mwenye teksi wa asubuhi, yule yule aliyeshukuru kwa heshima zote, na gari lililofunguliwa boneti lilikuwa lake.

"Mlikuwa mnajua," alisema mke wa fundi.

Kipimo aliiweka taa chini. "Mama, tusamehe. Tangu mwaka jana. Gari likitoka kwenu asubuhi, mchana liko hapa. Namulika, narudisha digrii nane, wakati mwingine kumi, mtu anaondoka. Hakuna aliyetaka kumvunjia heshima mzee. Mimi mwenyewe spana alinishikisha yeye."

Kwa hiyo walikuwa wanakuja uani kwao, wanasimama, wanasifia, kisha wanavuka barabara. Mwaka mzima. Na yeye kila siku alikuwa akiwaona wakivuka, akidhani wanakwenda kununua maji. Uso ulimwaka. Lakini aibu haikupata nafasi ya kukaa, kwa sababu nyuma yake lilikuja jambo jingine.

"Na pikapu ya ndugu yangu," aliuliza, "umeirudisha mara ngapi?"

Kipimo akakunja uso akikumbuka. "Pikapu ile haijawahi kufika hapa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nilimkuta njiani wiki iliyopita, nikaisikia inavyolia, nikamwambia lete niitazame mara moja tu. Akasema ahsante, yeye ana fundi wake."

Mwenye teksi alishusha gazeti. Wote wanne walikuwa wanamtazama mwanamke yule, na katika macho yao aliona kwamba wamefika mahali alipofika yeye. Gari la kila mtu mtaani lilikuwa salama, isipokuwa la yule mmoja aliyemheshimu fundi kweli.

"Inapanda saa nane," alisema. Hakuitambua sauti yake.

Kipimo alikwishachukua funguo.

*

Fundi Sikio alikuwa getini kwake wakati gari dogo la Kipimo linatoka. Aliwaona wote wawili ndani, mkewe mbele, hasimu wake kwenye usukani, na hakuhitaji masikio kuelewa. Mkewe alifungua mlango wa nyuma. Fundi aliingia kama mtu anayepelekwa polisi.

Kituoni chini ya mlima palikuwa patupu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji ya kunywa aliwaambia bila kuulizwa sana: "Wameondoka sasa hivi. Na leo wamejaa kweli. Kumi na sita nimewahesabu, maana lori la wenzao limeharibika."

"Kumi na sita," alisema Kipimo, akatia gia.

Barabara ya mlimani ilikuwa ya vumbi na mawe, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu, miti tu inayoonekana kwa juu. Mke wa fundi aliegemea mbele mpaka paji la uso likagusa kioo. Kwenye kona ya kwanza kulikuwa na tone la maji barabarani. Kwenye ya pili mstari mzima, mbichi, haujanywewa na vumbi. Kwenye ya tatu aliona mafuta, meusi, yamemwagika kwa mkupuo. Aligeuka kumtazama mumewe, na mumewe alikuwa ameyaona hayo mafuta, kwani alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Huenda alikuwa anaomba, huenda alikuwa anahesabu watu.

"Mungu wangu, mdogo wangu," alisema mwanamke, akarudia, akarudia tena.

Walisikia kilio kabla ya kuona kitu. Wawili kati yao walikisikia.

*

Baada ya kona ya tano, pikapu ilikuwa imekwama kinyumenyume kwenye ukuta wa udongo, boneti linafuka moshi, mbao za kukalia zimetapakaa barabarani pamoja na nyundo, makarai na viatu. Watu walikuwa wamesimama, wamekaa, wengine wamelala kando wakipumua. Mke wa fundi alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Alihesabu akikimbia, akakosea, akaanza upya. Mdogo wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa pikapu, damu inamtiririka kutoka kwenye nyusi, anatembea, anaongea, yu mzima. Akamshika uso kwa mikono yote miwili.

Ilikuwa hivi. Injini ililia tangu chini. Kwenye mwinuko mkali ilipasua mlio mmoja, ikatema moshi, ikafa. Shemeji alikanyaga breki, gari likakaa kidogo, kisha breki ikachoka kwa kukosa nguvu ya injini, na uzito wa watu kumi na sita ukaanza kulivuta. Alivuta breki ya mkono, ikaja yote mkononi. Wakarudi nyuma hatua ishirini, thelathini, watu wakipiga kelele na kuruka, na kabla ya kona, kule kusikokuwa na kitu ila vichwa vya miti, alikata usukani akaligongesha ukutani. Angechelewa kidogo tu wangekwenda wote. Aliyeumia zaidi alikuwa mama mmoja wa makamo, aliyeruka akaangukia mkono. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, wenzake wameufunga kwa kilemba, na amekaa juu ya jiwe, uso umekuwa wa majivu.

Sasa hofu ya abiria ilikuwa imepata mtu wa kumrukia. Walikuwa wamemzunguka Shemeji.

"Wiki mbili tunakuambia gari bovu!"

"Nina watoto wanne mimi! Wanne!"

"Kila siku inachemka, kila siku unasema fundi ameitazama. Fundi gani huyo?"

Shemeji alifuta damu jichoni. Ndipo alipomwona mume wa dada yake, amesimama nyuma ya gari la Kipimo, hajasogea. Wakatazamana. Shemeji alikuwa ameijua ile injini kwa wiki mbili kila alipopanda, na yawezekana hapo barabarani, wakati breki inamjia mkononi, alikuwa ameelewa lililobaki, kuhusu masikio ya fundi wake.

"Si fundi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Fundi hana kosa. Ni petroli. Nimeuziwa petroli mbaya, imechanganywa na mafuta ya taa."

Kipimo akatazama chini. Watu wakaanza kumlaani mwenye pampu. Fundi Sikio aliangalia mdomo huu, akaangalia ule, lakini walikuwa wengi na walisema kwa pamoja, na hakupata hata neno moja. Alimsogelea mkewe.

"Anasemaje?"

Mkewe alimgeukia. Angeweza kumwambia lolote. Mdogo wake alikuwa ameshawafungulia mlango wote wawili, na ilikuwa kazi ya kupita tu na kurudi nyumbani kwenye cherehani. Alimkabili mumewe ili amwone mdomo vizuri.

"Anasema ni petroli mbaya. Anasema fundi hana kosa."

Fundi akatembea, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya boneti lililokuwa likifuka, akageuka.

"Si petroli," alisema. "Ni mimi. Nilitega moto kwa sikio, na mimi sisikii. Ni kiziwi. Mwaka na nusu sasa sisikii."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwa sababu hakuwa na njia ya kuipima, na wote waliokuwa barabarani wakanyamaza, hata yule aliyekuwa analia. Hakuna aliyemsogelea. Shemeji alikuwa amejifunika uso. Fundi alisimama akiwatazama midomo mmoja baada ya mwingine, akingoja matusi, na kwa kuwa hakuna mdomo uliocheza hakujua kama wananyamaza au kama dunia yote sasa imemwondoka.

Yule mama aliyevunjika mkono alisema kitu, kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa.

Fundi aliona tu wengine wakimgeukia. Akamtafuta mkewe kwa macho, na mbele ya watu wote, bila kujifanya chochote, akauliza, "Amesema nini?"

Mkewe alikuja mpaka karibu naye.

"Amesema ukae chini," alimwambia. "Unatetemeka."